KUAZIMA SIKIO NA KUTEGA SIKIO: MAELEZO JUU YA NAHAU MOJA YA KIINGEREZA

Shabaha ya maelezo haya ni kuchungua maana na matumizi ya nahau moja ya Kiingereza, "to lend an ear", pamoja na ndugu zake wa karibu, kisha kutazama ni maneno gani ya Kiswahili yawezayo kusimama mahali pake. Nahau hii haina neno gumu hata moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajua kwamba "lend" ni kuazima na "ear" ni sikio. Lakini hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa mfasiri huhadaika upesi zaidi na nahau ambayo maneno yake yote anayajua kuliko na ile iliyo ngeni kwake kabisa. Iliyo ngeni humlazimu kufungua kamusi. Hii aidhaniayo kuwa nyepesi huipitisha vivi hivi, na msomaji akapata sentensi isiyo na kosa la sarufi wala isiyo na maana.

Wala jambo hili si la watu wa vitabu peke yao. Kusikia na kusikiliza ni maneno ya mahakamani, ya hospitali, ya darasani na ya barazani, na mahali hapo pote tofauti ndogo ya tafsiri yaweza kumdhuru mtu. Basi inafaa tuanze na Kiingereza chenyewe, tuone nahau hii yasema nini.

1. Nahau katika Kiingereza

Mwingereza anapotaka kusema kwamba mtu aangalie jambo kwa makini, msemo wake wa kawaida ni "to pay attention". Msemo huo hutumika kwa macho, kwa masikio na kwa mikono pia: dereva huambiwa hivyo juu ya barabara, mwanafunzi juu ya somo, fundi juu ya kipimo. Nahau ya kuazima sikio ni nyembamba zaidi. Kwanza, ni ya masikio tu. Pili, yahitaji watu wawili, mwenye kusema na mwenye kusikiliza, na mara nyingi mwenye kusema ana shida au dukuduku. Tatu, ina harufu ya heshima na ya lugha ya vitabu; mzazi anayemkemea mtoto hatumii maneno hayo. Nne, msikilizaji haahidi kitu zaidi ya kusikiliza. Aliyeazimwa sikio hakupewa shauri, wala fedha, wala kukubaliwa neno lake. Amesikilizwa, basi.

Nahau nyingine mbili hukaa karibu na hii. Ya kwanza ni "to be all ears", yaani mtu kuwa masikio matupu, mwili mzima. Hii ni ya shauku, na mara nyingi ina mzaha kidogo. Ya pili ni "to prick up one's ears", kusimamisha masikio kama afanyavyo mbwa au farasi asikiapo kishindo. Hii ni ya ghafula: mtu alikuwa hana habari, mara jina lake likatajwa. Kwa hiyo nahau zote tatu zaeleza usikivu, lakini moja ni hisani, ya pili ni hamu, na ya tatu ni mshtuko. Mfasiri akizitia zote katika neno moja la "kusikiliza" atakuwa amehifadhi kitendo na kupoteza hali ya mtendaji.

Sifa ya nahau ya kuazima sikio imeenea zaidi kwa sababu ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar, ambayo yasadikiwa kuwa iliandikwa mwaka 1599. Katika mazishi ya Caesar watu wawili wahutubia. Brutus, aliye mmoja wa wauaji, asema kwa nathari, na awataka watu wanyamaze wapate kumsikia. Baada yake asimama Antony, asema kwa mashairi, na awaomba Warumi wamwazime masikio yao. Tofauti hii si ya bure. Brutus ataka asikiwe na kusadikiwa kwa ajili ya heshima yake. Antony aomba kitu kidogo tu, kwa muda mfupi, na kitu chenyewe ni cha kurudishwa. Nani atakayemnyima mwenziwe kitu cha kuazima? Lakini masikio yale hayakurudi kwa wenyewe. Hotuba ilipokwisha, watu walikuwa wakikimbilia kuzitia moto nyumba za wauaji. Kwa hiyo mwenye kuifasiri tamthilia hii hafasiri ombi la usikivu peke yake, bali afasiri pia unyenyekevu wenye hila ndani yake. Mwalimu Julius K. Nyerere, ambaye tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1963 na kusahihishwa tena mwaka 1969, alikabiliwa na kazi hiyo mbele ya hadhira ambayo lugha yake ina njia nyingine kabisa ya kulitaja tendo hili.

Wala Waingereza si peke yao katika kuazimana masikio. Wafaransa nao husema "prêter l'oreille", na maana yake ni ile ile. Wahispania huazima usikivu wenyewe, "prestar atención". Wajerumani ni wakarimu zaidi, kwa kuwa katika msemo wao mmoja hutoa usikivu kuwa zawadi, isiyorudishwa. Hata Waarabu humwambia mtu "a'irni sam'aka", niazime usikizi wako. Hili la Kiarabu lafaa kuangaliwa, maana Kiswahili kimepokea maneno mengi sana ya Kiarabu, na hata hivyo nahau hii haikupata kuwa msemo wa kawaida kwetu. Kwa nini? Nafikiri jibu ni kwamba mahali pake palikuwa pamekwisha kaliwa na nahau nyingine ya zamani.

2. Neno kuazima

Kabla ya kuitazama nahau hiyo, tulipime neno "azima" lenyewe. Kiswahili chatenga kuazima na kukopa. Kinachoazimwa ni kitu ambacho chenyewe hurudi: kisu, jembe, kanzu. Kinachokopwa hurudishwa kwa mfano wake: fedha, mchele, sukari. Katika hili nahau ya Kiingereza ingeweza kukaa vizuri, maana sikio linalorudi ni lile lile lililotolewa. Lakini kuna mambo matatu yanayozuia.

La kwanza ni kwamba "azima" ni neno la pande mbili. Mwenye kitu huambiwa, "Niazime kisu," na mwenye kuhitaji naye husema, "Nimeazima kisu kwa jirani." Ni maneno yanayolizunguka yanayotujulisha nani anatoa na nani anapokea. Basi mtu akiandika, "Mzee aliazima sikio," msomaji hawezi kujua kama mzee alisikiliza au alikwenda kutafuta sikio la mtu.

La pili ni kufanana na maneno mengine. Kutokana na Kiarabu tunalo neno "azma", na kitenzi "azimia", kukata shauri. Tena "azima" ni dawa ya uganga iliyoandikwa. Sentensi kama "aliniazimia sikio" yaelekea huku na huku, na msikilizaji hushindwa kujua ashike njia ipi.

La tatu ndilo kubwa. Katika fikira za Waswahili kitu cha kuazima si kitu cha kutegemewa. Methali yasema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa hiyo yule ambaye kwa Kiingereza amesifiwa kwa hisani yake, kwa Kiswahili ametolewa kama mtu aliyetoa kitu nusu nusu. Maneno yamefasiriwa, na sifa imegeuka kuwa shaka.

3. Kutega sikio

Nahau ya Kiswahili ni "kutega sikio" au "kutega masikio". Wengi hulifahamu neno "tega" kwa maana ya mtego wa panya au wa ndege, na hudhani kwamba nahau hii yamfananisha msikilizaji na mwindaji tu. Mfano huo ni kweli, lakini si wote. Tutazame matumizi mengine ya neno hilo. Mtu hutega chombo chini ya mchirizi wakati wa mvua, naye asema anatega maji. Mama hutega mgongo apate kubebeshwa mtoto. Mwenye kitendawili hukitega, na kabla hajakitega hadhira humwitikia, "Tega!" Katika yote haya liko jambo moja: kitu chawekwa katika hali na mahali panapofaa, ili kikipokee kitakachokuja. Mtego hauendi kumfuata panya, wala ndoo haiifuati mvua. Lakini mtego uliotegwa vibaya haunasi kitu, na ndoo iliyoinama haijai.

Hii ndiyo maana ya kutega sikio. Msikilizaji hakutoa sikio lake likaenda kwa mwenziwe. Amelielekeza tu, akanyamaza, akangoja. Katika nahau ya Kiingereza kazi iko katika kutoa. Katika ya Kiswahili kazi iko katika kujiweka tayari. Tena twaona kwamba msemaji na msikilizaji wameunganishwa na neno moja: fumbo hutegwa, na sikio hutegwa, naye mwenye kulijua jibu hukitegua kitendawili, kama mtu anavyoutegua mtego. Mazungumzo kati ya mjuzi na mwanafunzi wake yamo yote katika mzizi huu mmoja.

Ukale wa nahau hii waweza kuonyeshwa kwa kuzilinganisha lugha za Kibantu. Katika Kiganda wasema "okutega okutu", katika Kikuyu "gũtega matũ", na katika Kinyarwanda na Kirundi "gutega amatwi". Kitenzi ni kile kile, na maana ni ile ile. Lakini jina la kiungo si lile la Kiswahili. Lugha hizo zimehifadhi jina la zamani la sikio, lenye mzizi wa "-tu" au "-twi", nacho Kiswahili kimeliacha jina hilo na kutumia "sikio", lililo jamaa ya kitenzi "sikia". Hapa pana jambo la kupendeza kwa mchunguzi wa lugha: jina la kiungo limebadilika, na nahau imebaki. Waswahili walilitoa neno la zamani, wakaliingiza jipya katika mahali pale pale, na "tega" haikutikisika. Basi nahau hii si mwigo wa Kiingereza wala wa Kiarabu. Wafasiri wa Biblia walipofika katika Zaburi, ambamo mwenye kuomba amsihi Mungu ainamishe sikio lake, waliikuta nahau hii tayari, wakaitumia, kama ionekanavyo katika tafsiri ya Union Version iliyokamilika mwaka 1952.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba kutega sikio kutafaa kila mahali palipo na kuazima sikio. Kutega kwaweza kuwa kwa siri. "Alitega sikio mlangoni" ni habari ya mdukizi, asiyealikwa. Nahau ya Kiingereza haiwezi kubeba maana hiyo hata kidogo, kwa kuwa hakuna aazimaye kwa siri. Kwa hiyo penye maana ya hisani Kiswahili chatumia "kumpa mtu sikio" au "kumsikiliza kwa moyo", na katika mkutano msemaji husema, "Naomba usikivu wenu." Maneno haya yanatosha, na hayamwachi msikilizaji akijiuliza sikio litarudi lini.

4. Kusikia na kusikiliza

Sasa twafika penye uzito wa maneno yetu. Neno "sikia" katika Kiswahili lina eneo pana kuliko la Kiingereza "hear". Twasikia sauti, na pia twasikia harufu, njaa, baridi na uchungu. Juu ya hayo, kusikia ni kutii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wala hakuna adhaniye kwamba mtu huyo alikuwa kiziwi. Sikio la kufa halisikii dawa. Hapa napo ni ukaidi unaotajwa, si ugonjwa. Mtoto msikivu ni mtoto mwenye adabu.

"Sikiliza", kwa upande wake, ni neno lililorefushwa kwa viambishi, nalo laonyesha juhudi: mtu hutia nia apate kusikia. Na kutoka hapo twapata "sikilizana" na "sikizana", ambayo ni zaidi ya kusikilizana kwa zamu. Ndugu wasiosikilizana ni ndugu wasiopatana.

Tukiyapanga maneno haya pamoja twaona jambo ambalo laweza kumshangaza Mwingereza. Kwake, kusikia ni hatua ya chini na kusikiliza ni hatua ya juu. Hulalamika kwamba fulani alisikia lakini hakusikiliza. Mswahili aweza kusema hivyo hivyo, lakini aweza pia kuugeuza mpango: "Nilimkanya, akanisikiliza mpaka mwisho, lakini hakusikia." Yaani alitulia, alitega sikio, kisha akafanya alivyotaka. Hapa kusikia ndiko hatua ya juu, maana ndiko kutii.

Fikiri basi shahidi asemaye mahakamani, "Nilimwambia aondoke shambani, hakusikia." Mkalimani asiyeangalia ataandika kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa hakuisikia amri. Kwa maneno hayo amempa mshtakiwa udhuru ambao shahidi hakumpa, kwa kuwa shahidi alitaka kusema kwamba alikataa. Na kinyume chake chawezekana pia: mtu aliyekuwa mbali, asiyepata sauti kweli, aweza kuandikwa kuwa mkaidi. Njia ya salama ni mkalimani kuuliza, "Sauti haikumfikia, au ilimfikia akakataa?" Swali hilo moja huondoa mashaka yote.

Hali ni hiyo hiyo hospitalini. Mzazi asemapo, "Mtoto huyu hasikii," daktari aweza kuanza kuyapima masikio, na huku mzazi analalamikia utundu. Na hatari kubwa zaidi ni ya upande wa pili: mtoto mwenye uziwi kupigwa nyumbani na shuleni kwa kuwa hasikii, na watu wakalichukua neno hilo kwa maana ya tabia. Lugha haikufanya kosa hapa; imebeba maana mbili kama ilivyobeba siku zote. Ni kazi ya mwenye kuuliza kuzitenga, kwa kusema, kwa mfano, "Akiitwa kwa nyuma, asipomwona amwitaye, hugeuka?"

Mambo haya yamezidi kuwa na uzito tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa nchini Tanzania na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, ijapokuwa Kiingereza chaweza kutumika panapohitajiwa. Kumbukumbu za miaka mingi ziko kwa Kiingereza, na kazi ya kupitisha maneno kutoka lugha moja hata nyingine haijapungua.

5. Kulipa, makini, na mguu sawa

Yabaki maneno machache juu ya "to pay attention". "Pay" ya Waingereza ilitoka katika Kifaransa cha zamani, na asili yake ni Kilatini "pacare", kutuliza au kupatanisha. "Attention" nayo yatoka katika "attendere", kunyosha kuelekea kitu. Kiini cha neno hili la pili ni "tendere", kitenzi ambacho Warumi walikitumia pia kwa kutandaza nyavu za kuwindia. Si kwamba nahau yetu ina nasaba na ya Kilatini, lakini watu wawili wasiojuana wamepita karibu na njia moja.

Mwingereza hulipa usikivu, hulipa heshima, na hulipa hata ziara. Sisi hutoa heshima, na mtu tukaenda kumjulia hali. Kulipa kwetu ni kwa deni, au kwa kisasi. Kwa hiyo "kulipa usikivu" au "kulipa makini" si Kiswahili, wala hakuna haja yake, kwa sababu tunayo "zingatia", "tia maanani", "angalia", "jali", na kwa lugha ya juu "tanabahi". Hili la mwisho ni jamaa ya neno la Kiarabu "intibah", usikivu.

"Makini" lahitaji kuelezwa, kwa kuwa limesafiri. Asili yake ni Kiarabu "makin", yaani imara. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yalieleza kwa maana ya utulivu, upole na staha. Mtu mwenye makini alikuwa mtu asiye na papara. Siku hizi "kuwa makini" ni kuangalia sana, na "umakini" umekuwa tafsiri ya kawaida ya "attention". Safari hii yaeleweka, maana asiyetulia hawezi kuangalia. Lakini asomaye maandiko ya zamani asiyaingizie maana ya leo.

Mwisho, jeshini na katika gwaride la shule amri ya "Attention!" haikufasiriwa kwa neno lolote la usikivu. Amri ni "Mguu sawa!" Aliyeiweka alitazama askari anatakiwa kufanya nini, akakitaja hicho. Na penye hatari, neno lile lile la Kiingereza huandikwa "Hadhari!" au "Tahadhari!" Huu ni mfano bora kuliko yote tuliyoyataja, kwa kuwa neno moja la kigeni limepewa maneno matatu au manne ya Kiswahili, kila moja mahali pake.

6. Hitimisho

Kwa muhtasari, nahau ya kuazima sikio isifasiriwe kwa neno "azima". Penye hisani, tutumie "kumpa sikio" au "kusikiliza kwa moyo". Penye utayari na ukimya, "kutega sikio". Penye ombi la hadharani, "naomba usikivu wenu". Penye mshtuko, tuseme masikio yalimsimama. Pasipo masikio, bali fikira tu, "kuzingatia" na "kutia maanani" yatosha. Na neno "sikia" litumiwe kwa hadhari kila linapoweza kuwa na maana ya kutii, hasa mbele ya hakimu na mbele ya daktari.

Ingefaa watungaji wa kamusi za lugha mbili waitenge maana ya kutii na maana ya kupata sauti kwa nambari mbalimbali, na kila moja waitolee mfano wa sentensi nzima, wala wasiridhike kuandika maneno mawili yakifuatana kwa mkato tu. Pia ingefaa matumizi ya "tega" yakusanywe kutoka lahaja za pwani, Kiunguja, Kimvita, Kiamu na nyinginezo, na yalinganishwe na yale ya lugha jirani za bara, kwa kuwa neno lililoweza kuishi baada ya jina lake kuondoka huenda likawa na mengine ya kutufundisha.